Mtu anayepita anaona nini? Swali la motari wa Majengo kuhusu volkano za Io

Swali: Papa Profesa, jambo. Mimi ni motari hapa Goma, nabeba abiria kwa pikipiki, kituo changu ni Majengo. Juzi nilibeba mwanafunzi akaniambia kuna chombo cha Wamarekani kilichopita karibu na Jupita. Hakikutua wala hakikusimama, ila kikagundua volkano kwenye mwezi wake, kubwa kuliko Nyiragongo yetu. Nilicheka. Mimi napita Munigi kila siku na siwezi kukuambia nyuma ya zile nyumba kuna nini. Mtu anayepita tu anagundua nini? Na huo moto wa kule ni sawa na huu wetu?

Jibu: Mdogo wangu, jambo sana. Sikulaumu kucheka, lakini abiria wako alisema kweli. Chombo ni Voyager 1, mwezi unaitwa Io, na siku ya kupita ilikuwa 5 Machi 1979. Mimi nitasema Mshtarii, jina la vitabu vya Kiswahili. Wewe na mimi shuleni tulifundishwa Jupita, kwa sababu ya Kifaransa. Sayari ni hiyo hiyo.

Hebu kwanza tulishike hilo neno "kupita", maana ndilo limekukwaza. Wewe unapita Munigi kwa dakika chache, na macho yako yote yako kwenye mashimo. Voyager 1 ilianza kupiga picha za Mshtarii Januari 1979, ikaendelea hadi Aprili. Tarehe 5 Machi ni siku iliyokaribia zaidi tu, kama kilomita 280,000 juu ya mawingu ya sayari. Kabla yake iliangalia inakokwenda, baada yake iliangalia ilikotoka. Picha zilizofika duniani zilikaribia 19,000. Kila moja ilikuwa na vidoa 800 kwa 800, na kila kidoa kilitumwa kama namba, kwa redio yenye nguvu ya wati 23 hivi. Taa ya kizamani ya sebuleni inakula umeme zaidi ya huo. Picha moja ilichukua sekunde 48 kutumwa, halafu mawimbi yakasafiri zaidi ya nusu saa kabla ya kunaswa na antena zenye upana wa mita 64, moja California, nyingine Uhispania, nyingine Australia. Zilikuwa tatu kwa sababu dunia inazunguka: moja ikigeuziwa mgongo, nyingine inapokea zamu.

Kwa nini hakikusimama? Chombo kinachokwenda kasi vile kikitaka kusimama kinahitaji mafuta mengi ya kujizuia, na Voyager ilikuwa na safari nyingine, Zohali, ile sayari ya pete. Umewaona vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanaposhika nyuma ya lori kwenye mteremko wa Sake. Anakuja na mwendo wake, lori linamvuta, akiachia anatoka na mwendo mkubwa kuliko aliokuja nao. (Sikushauri, nimeona waliovunjika.) Mshtarii ndiyo ilikuwa lori. Uzito wake ni mara 318 ya dunia, kwa hiyo haikuhisi kitu, lakini Voyager ilitoka pale na kasi ya kuifikisha Zohali Novemba 1980.

Sasa nije kwenye nyuma ya nyumba. Hapo wewe mwenyewe umegusa jambo ambalo wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hulisahau.

Kutoka duniani hatujawahi kuiona Mshtarii ikiwa nusu au hilali kama mwezi wetu. Iko mbali sana upande wa nje, na sisi tuko karibu na jua, kwa hiyo kila tunapoiangalia ni kama jua liko mgongoni mwetu, linaimulika sayari usoni. Tunauona uso wake tu, umejaa mwanga. Hata ukijenga darubini kubwa kama mlima, mgongo hauuoni. Wa kuuona mgongo ni yule aliyepita ng'ambo akageuka.

Na mgongoni kuna mambo. Fikiria vumbi letu jeusi la Goma wakati wa kiangazi, saa moja jioni. Ukilimulika kwa taa yako mwenyewe, hulioni sana. Gari likija mbele yako limewasha taa, vumbi lililo katikati yenu linawaka kama moshi. Chembe ndogo sana hutupa mwanga mbele kuliko kuurudisha nyuma. Ndivyo ilivyokuwa kwa pete ya Mshtarii. Tarehe 4 Machi Voyager 1 iliacha kamera wazi kwa dakika 11, ikapata mchirizi hafifu tu. Miezi minne baadaye pacha wake, Voyager 2, alipita, akaingia upande wa kivuli, akageuka: pete nzima ilikuwa inang'aa. Ni pete ya vumbi, ndiyo maana karne zote hizo hakuna aliyeiona kutoka huku. Upande wa usiku wa sayari ilionekana radi ikipiga mawinguni. Hiyo nayo ni habari ya mgongoni.

Io nayo ilijifichua hivyo hivyo.

Tarehe 8 Machi 1979, siku tatu baada ya kukaribia, chombo kilikuwa kimeshaiacha Io kilomita milioni 4.5 nyuma. Watafiti wengi walikuwa wameshainamia picha nzuri za karibu. Kulikuwa na picha moja ambayo haikukusudiwa uzuri. Ilikuwa ya waongoza-safari, wale wanaokadiria chombo kiko wapi kwa kulinganisha mwezi na nyota zilizo nyuma yake. Ili nyota hafifu zionekane, kamera iliachwa wazi muda mrefu, kwa hiyo Io ikatoka imeungua kwa mwanga: hilali nene nyeupe, haina sura. Picha hiyo ilimfikia mhandisi mmoja wa uongozaji, Linda Morabito, katika JPL, maabara ya vyombo vya anga huko California. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota. Alipoongeza mwanga wa picha kwenye kioo cha kompyuta, pembeni mwa Io, nje kabisa ya ukingo wake, kulikuwa na wingu lenye umbo la mwavuli.

Mawazo yake ya kwanza yalikuwa ya mtu mwenye akili timamu: labda ni mwezi mwingine umechungulia nyuma ya Io. Wakapiga hesabu, wakaona mwezi wa ukubwa ule ungeshajulikana zamani. Labda kamera ina kasoro? Wakakagua, haina. Wingu angani haliwezekani, Io haina hewa ya kubeba wingu. Likabaki jambo moja: kitu kinarushwa kutoka chini, hadi karibu kilomita 300 juu. Kutoka Goma hadi Beni kwa mstari ulionyooka hazifiki kilomita 250, na hiyo ni kwenda mbele. Hii ni kwenda juu.

Hiyo ilikuwa volkano ya kwanza inayolipuka kuonekana nje ya dunia. Ikaitwa Pele. Waliporudia picha za siku za nyuma wakizikagua kwa macho mapya, mawingu mengine kama hayo yalikuwemo, yamewapita wote. Nimewahi kuwauliza wenzangu kwa utani: walikuwa wanaangalia nini? Walikuwa wanaangalia ardhi. Morabito alikuwa anaangalia ukingo.

Lakini usidhani ilikuwa bahati tupu. Watu watatu, Stan Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds, walikuwa wamepiga hesabu zao kuhusu Io, na zikachapishwa tarehe 2 Machi 1979, siku tatu kabla chombo hakijafika. Walisema ndani ya Io mwamba lazima umeyeyuka, na huenda juu kuna volkano. Katika sayansi ni nadra hesabu na ushahidi kukutana wiki moja namna hiyo.

Hesabu yao utaielewa haraka kuliko profesa, kwa sababu unaendesha pikipiki. Siku tairi limepungua upepo, ukatoka Sake na abiria wawili na gunia la makaa, ukifika mjini shika tairi. Linaunguza. Ukilijaza upepo sawasawa, barabara ile ile, mzigo ule ule, linakuwa vuguvugu tu. Wengi husema ni msuguano na barabara. Hapana, kwa sehemu kubwa ni kukunjwa. Kila mzunguko mpira unalala bapa chini ya uzito, unanyanyuka, unalala tena, na kila kukunjwa kunaacha joto kidogo ndani ya mpira wenyewe.

Io ni tairi lisilo na upepo. Inaizunguka Mshtarii kwa saa 42 na nusu tu, ikiwa umbali wa kilomita 422,000 hivi. Mwezi wetu, kwa umbali unaokaribiana na huo, hutumia siku 27. Hapo utapima nguvu ya mvuto wa kule. Njia ya Io si duara kamili, kwa hiyo mara inasogea karibu, mara inarudi nyuma kidogo. Ikisogea inavutwa na kurefuka, ikirudi inalegea. Watu wa pwani ya bahari wanajua maji kujaa na kupwa. Sisi wa Kivu ziwa letu halituonyeshi mchezo huo. Kwenye Io kinachojaa na kupwa ni mwamba, kwa kiasi cha mpaka mita 100, jengo la orofa thelathini likipanda na kushuka chini ya miguu yako kila siku mbili.

Hapo mwanafunzi mkali huuliza: mbona njia yake haijawa duara kwa muda wote huo, mchezo ukaisha? Ni kwa sababu ya majirani. Io ikizunguka mara nne, mwezi unaofuata, Europa, huzunguka mara mbili, na wa tatu, Ganymede, mara moja. Wanakutana palepale kila wakati na kuivuta upande uleule, kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi. Bembea haisimami.

Sasa swali lako la pili, kama moto wa kule ni sawa na wetu (moto wa mlima, si moto yako, yaani pikipiki).

Mahali moto huo unapotoka ni tofauti. Nyiragongo inapata moto wake kutoka chini ya Bonde la Ufa, pale ardhi ya Afrika inapochanika polepole na mwamba wa moto ukapata njia ya kupanda. Joto lenyewe ni masalia ya kuzaliwa kwa dunia, pamoja na lile linalotoka kwenye madini yenye mnururisho, yaani yanayotoa miale isiyoonekana. Io ni ndogo, kipenyo chake ni kilomita 3,643, imezidi mwezi wetu kidogo tu. Kwa joto la aina hiyo peke yake ingeshapoa zamani kama mwezi ulivyopoa. Kinachoiweka hai ni kukandwa. Na inakandwa kweli: kila mita ya mraba ya Io inatoa joto zaidi ya mara 20 ya linalotoka ndani ya dunia yetu. Volkano zake zinazofanya kazi ni kama 400.

Tabia ya lava ikishafika juu, hapo ni ndugu. Januari 2002, lava ilipokata mji hadi ziwani, mimi kama watu wengi nilivuka juu yake siku chache baadaye kutafuta jamaa. Juu ganda jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika, chini kwenye nyufa wekundu. Soli ya kiatu ililainika ikaanza kunata. Ziwa la lava la mlimani lina ganda hilo hilo: linapoa, linakuwa zito, linapasuka, kipande kinazama, lava mpya inachomoza na kung'aa pembeni. Kwenye Io kuna ziwa la namna hiyo linaloitwa Loki. Kreta ya Nyiragongo ina upana wa zaidi kidogo ya kilomita moja. Loki ina kama kilomita 200. Weka ukingo mmoja hapa Goma, wa pili uko Butembo. Darubini za duniani huiona Loki ikiwaka na kufifia, na maelezo yanayokubalika na wengi ni hayo ya ganda kuzama na kufanywa upya.

Gesi nayo unaijua. Sisemi mazuku, ile inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi. Hiyo ni kaboni dioksidi. Nasema dioksidi ya salfa, inayowasha koo ukipanda kutoka Kibati na inayokula mabati ya watu wa Rusayo upepo ukielekea kwao. Voyager iliikuta hiyo hiyo juu ya Loki. Huku kwetu hewa nzito huizuia na mvua huishusha. Io haina hewa ya maana, na mvuto wake ni kati ya sehemu moja ya tano na moja ya sita ya wetu. Gesi ikitoka kwa kasi ya karibu kilomita moja kwa sekunde hakuna cha kuizuia: inapanda, inatanuka kama mwavuli, inaganda kwa baridi, na kushuka kama theluji nyeupe. Ile rangi ya njano na nyekundu ya Io, yenye madoa meusi kama omeleti iliyoungua pembeni, ni salfa. Na hakuna hata shimo moja la kimondo lililoonekana juu yake. Mwezi wetu umejaa mashimo hayo kwa sababu hakuna anayeyafukia. Io inajifukia yenyewe.

Kuna jambo dogo ambalo wageni hawalijali lakini mimi huliwaza. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava la Nyiragongo lilipasua mlima likamwagika kwa chini ya saa moja, mahali pengine kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mwendo wako wewe kwenye lami. Voyager 1 iliruka Septemba mwaka huo huo. Wakati wazee wetu wanazika watu wao, chombo kilikuwa kinafungwa bolti za mwisho ili kiende kukuta, bila kujua, maziwa mengine ya lava.

Nisikudanganye, kupita kuna kasoro yake. Voyager 2 ilipofika Julai 1979, Pele ilikuwa imenyamaza. Je, imekufa, imelala, inapumua kwa mwezi au kwa mwaka? Ziara mbili haziwezi kujibu hilo, kama vile mgeni aliyelala Goma usiku mmoja bila kuona wekundu juu ya mlima hawezi kuapa kwamba mlima umezimika. Tena kipimo cha joto kilikuta sehemu ya Loki ina joto la kama la sebuleni, wakati jirani zake ni baridi ya zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Kutokana na vipimo vya namna hiyo watu walibishana kwa miaka: lava ya Io ni salfa iliyoyeyuka, au ni mwamba? Chombo cha Galileo, kilichokaa kikiizunguka Mshtarii tangu 1995 hadi 2003, kilileta vipimo vya zaidi ya nyuzi 1,000. Salfa haivumilii joto hilo. Ni mwamba, kama wetu. Salfa ni rangi ya juu tu.

Halafu Juno. Chombo hicho kilianza kuizunguka Mshtarii mwaka 2016, na kiliipita Io kwa umbali wa kilomita 1,500 tu, mara ya kwanza 30 Desemba 2023, ya pili 3 Februari 2024. Kilikuta sehemu za Loki laini kama kioo. Na kwa kupima jinsi Io ilivyokivuta, watafiti wakaona kwamba hakuna bahari ya mwamba ulioyeyuka iliyoenea karibu chini ya ganda, kama wengi walivyokuwa wanaamini. Wale watatu wa 1979 walipatia chanzo cha joto, ila sehemu ngumu ya ndani ni kubwa kuliko walivyofikiri.

Umeona, hata Juno iliipita. Kukaa jirani na Io ni hatari, mnururisho wa Mshtarii unaunguza vifaa vya umeme. Europa, ule mwezi wa barafu laini yenye nyufa ambao Voyager ziliuonyesha vizuri kwa mara ya kwanza, uko ndani ya mnururisho huo huo. Kwa hiyo chombo cha Europa Clipper, kilichoruka 14 Oktoba 2024 na kinachotarajiwa kufika Aprili 2030, hakitauzunguka mwezi huo. Kitaizunguka Mshtarii kwa mbali, kiingie, kipite Europa, kitoke kupumzika na kutuma picha, kisha kirudi. Wamepanga mara 49. Kama wewe na Munigi.

Ukitaka kuiona Io kwa macho yako, azima darubini ndogo ya macho mawili. Usiku mawingu yakiachia na umeme umekatika, Mshtarii ikiwa juu, egemeza mikono kwenye ukuta isitetemeke. Utaona sayari na vidoa vya mwanga pembeni yake, mpaka vinne, vimejipanga mstari mmoja. Ndivyo Galileo mwenyewe, yule mtu ambaye chombo kilipewa jina lake, alivyoviona Januari 1610. Chora vilivyokaa. Peleka abiria wako, rudi baada ya saa tatu, angalia tena. Kile kilichohama haraka kuliko vyote, Io ni hicho.